Kipande Ambacho Mama Hakukipiga

Ndugu waombolezaji, Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, saa nne na robo asubuhi, katika karakana ya chuo cha ufundi, mama yetu alipigwa kichwani kwa bomba la chuma na mtahiniwa aliyekuwa akisubiri kazi yake ipimwe, na kwa kuwa habari hiyo imezunguka mitaani kwa namna nyingi, familia imenituma mimi, kitinda mimba wake na msaidizi wake kazini, niwasomee ilivyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1966, binti wa fundi baiskeli, akasoma shule ya msingi kando ya reli, na mwaka 1984 akajiunga na chuo cha ufundi kusomea uchomeleaji, msichana peke yake darasani, ambako wenzake walimfichia miwani ya kazi hadi siku alipomng'oa mmoja wao jino, na hakufichiwa kitu tena.

Tarehe 17 Agosti 1991 kaka yake, fundi wa kupaka rangi, alianguka kutoka ghorofa ya tatu baada ya jukwaa la chuma alilosimamia kuachia kwenye kiungo kilichochomelewa na fundi mwenye cheti safi, na mama ndiye aliyemwokota kwenye zege. Alipoajiriwa chuoni hapo kuwa mthibiti ubora wa mafunzo, hakukubali kazi ikaguliwe kwa macho tu: kila kipande alikibana kwenye jiliwa, kibanio cha mezani, akakipiga kwa nyundo nzito mbele ya aliyekichomelea, na kikikatika, mwenyewe anarudi darasani. Mkuu wa chuo alimlalamikia, "Bi Nyundo, utatumalizia wanafunzi!" naye akamjibu, "Afadhali niwamalize hapa, wakiwa wazima."

Mwaka 1995 aliolewa na baba yetu, seremala, aliyemletea kitanda cha posa, mama akakirukia, mguu wa kitanda ukang'oka, akamwambia, "Rudi nacho ukakiunge upya, mwenzangu, kisha uje tena." Walijaliwa watoto watatu.

Alhamisi ile vipande vilikatika kimoja baada ya kingine, vyuma vikigonga ukuta, hadi kijana aliyefuata akapaza sauti, "Huku si kupima, ni kutuvunja!" Mama akasema, "Mwanangu, lete kazi yako," akainama akaibana, na hapo bomba likashuka, mara mbili, jiliwa likajaa damu.

Alifanyiwa upasuaji, akazinduka Jumapili, akaniuliza, "Cha yule kijana mmekipiga?" Nikamwambia, "Mama, achana naye, yuko mahabusu." Akasema, "Sikukuuliza yuko wapi." Alifariki Jumatatu, tarehe 13 Mei, saa kumi na moja jioni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotupikia na kufua mashuka yake, na walimu wa karakana waliombeba mikononi hadi kwenye gari.

Asubuhi iliyofuata kifo chake nilikwenda karakana, nikawaita walimu wawe mashahidi, nikakuta kipande kile bado kimebanwa, damu imekaukia juu yake, nikakipiga kwa nyundo ya mama nikiomba kikatike, nikakipiga kupita kipimo alichonifundisha, hadi kiganja kikachanika na mpini ukapasuka, nacho hakikukatika. La bomba yule kijana atalijibu mbele ya hakimu, na najua wapo hapa watakaonichukia, lakini kwenye kazi yake niliandika kuwa amefaulu.

Mama, cha yule kijana tumekipiga. Sasa pumzika.