Miwani Siku ya Mawingu

Gari lilikuwa linapanda mlima kutoka mji wa Leh, theluji nyeupe pande zote, nami nimebanwa kati ya watu wawili wasiojuana. Mama Yangdol, mfugaji, alikuwa ameshusha machoni pazia lake la singa za mkia wa yaki, ng'ombe wa manyoya marefu wa milimani. "Dereva, vaa miwani, mwanangu!" akasema tena.

"Mwache afanye kazi, mama," akadakia Angchuk, muuza matunda ya aprikoti. "Jua lenyewe liko wapi? Mawingu matupu."

"Mawingu ndiyo yanayowaponza! Theluji inachoma macho hata jua likijificha. Na maumivu huja baadaye."

"Mnapenda kutisha watu nyie."

Angchuk mwenyewe alikuwa na miwani myeusi, kaipandisha kichwani kama taji.

"Dereva, jana ulikuwa wapi?" mama akauliza.

"Nilishinda nafukua gari kwenye theluji, mama."

"Bila miwani?"

"Kulikuwa na mawingu."

Kwenye kioo niliona dereva akifuta machozi, akafuta tena. Kulia kwetu palikuwa na bonde.

Gari likasimama katikati ya njia.

"Haya, anavaa miwani, uridhike," Angchuk akacheka.

Dereva akavuta breki ya mkono, akatugeukia amefumba macho.

"Jamani," akasema taratibu, "nani humu anajua kuendesha?"