Cheryl Marwa na Lugha ya Mezani Kwake

Mpendwa wetu Cheryl Marwa, tunayemzika leo, alizaliwa tarehe 3 Septemba 1968 mjini Duncan, katika kisiwa cha Vancouver, Kanada. Alitoka kwa watu wa Cowichan, wenyeji wa huko tangu enzi za kale, na lugha yao ni Kihalkomelem. Bibi yake alichapwa shuleni kwa kuisema, ikabaki kusemwa jikoni tu. Mambo mengine yote mama yake alimwambia kwa Kiingereza. Chakula na chai, kwa Kihalkomelem.

Alisoma Duncan mpaka akamaliza sekondari, na mwaka 1989 akaja hapa Marekani, jijini Washington D.C., kusomea ualimu. Alifundisha chekechea huko Columbia Heights kwa miaka ishirini na sita. Wamo watu wazima humu ndani ambao yeye ndiye aliyewafundisha kufunga kamba za viatu.

Akiwa chuoni alikutana na kaka yangu Sebastian, kijana wa Tarime, katika mkahawa mmoja mtaa wa Shaw ambako wote wawili walikuwa wakiosha vyombo. Walifunga ndoa tarehe 12 Novemba 1994, wakajaliwa binti mmoja, Abigail, na mwaka 2001 wakahamia Temple Hills, hapa Maryland. Kiswahili alijifunza kwa ukaidi mpaka akakijua. Ila mezani kwake palikuwa na sheria: hupewi kitu mpaka uombe kwa Kihalkomelem. Mimi Anitha, wifi yake ninayesoma haya, siku ya kwanza nilimwambia, "Wifi, nimetoka kupiga double shift, nipe tu ugali." Akaishika sahani. "Omba vizuri, wifi. Utakula tu." Nilinuna, nikaomba, nikala. Samaki wake wa moshi nilimsema sana kwa harufu, na mimi ndiye niliyemmaliza.

Kila Jumapili alimpigia mama yake simu. Mmekula nini? Chai bado ipo? Hawakuwa na mazungumzo mengine katika lugha hiyo, na ndivyo walivyopendana. Mama yake alipofariki mwaka 2011, Cheryl hakuwa na mwingine wa kumpigia. Sisi tulijua kuomba chumvi na kusema huy ch q'u, yaani asante, lakini tulikuwa kasuku tu. Aliyeelewa yote ni Abigail, naye alijibu Kiingereza. "Mama, I get it, si unajua naelewa?" Cheryl hakumgombeza. Siku moja tukiwa tunaosha vyombo aliniambia, "Wifi, nataka anijibu. Hata mara moja, kabla sijafa." Iliniuma.

Juni 2024 aligundulika kuwa na saratani ya umio. Kufikia Januari chakula hakikupita tena, akawa analishwa kwa mpira. Hapo tukakwama. Maneno yote tuliyokuwa nayo ya lugha yake yalikuwa ya kula na kunywa, na yeye hali wala hanywi. Sebastian akatukataza kuyatamka chumbani mwake. Tulidhani tunamhurumia, kumbe tulimnyamazisha. Alinyong'onyea kwa upweke, na watu tumejaa nyumbani.

Jumapili ya tarehe 9 Machi, Abigail aliingia akaketi kitandani, akaanza kumsimulia mama yake kwa Kihalkomelem alichopika mchana ule: samaki, viazi, chai, nani alikula, nani alibakiza. Alikosea, akarudia. Cheryl akafumbua macho, akamuuliza: nawe umekula? Abigail alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake. Akamjibu kwa lugha hiyohiyo kwamba amekula, ameshiba. Cheryl alilia kwa furaha. Sebastian nami tulisimama mlangoni, tukashindwa kuingia.

Waliongea hivyo kila siku wiki ile, mpaka Cheryl alipofariki nyumbani kwake asubuhi ya Jumapili, tarehe 16 Machi 2025, akiwa na umri wa miaka 56.

Ameacha mume, Sebastian, binti, Abigail, kaka mmoja huko Duncan ambaye lugha haikumkaa, na sisi mawifi zake. Abigail ameanza kusema lugha ya mama yake, na hapa Maryland hana wa kumjibu.

Baada ya maziko chakula kipo ukumbini. Abigail atapita na sahani, na atamuuliza kila mtu, kwa lugha ya mama yake, kama amekula. Mjibuni. Kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa Kikurya, kwa chochote mlicho nacho, lakini mtoto asiulize akakosa jibu.

Mungu ampe Cheryl pumziko la amani.