Pakistani ya Kahe

MWANARUSI: Haloo? Nani mwenzangu?

NASIHA: Mama, ni mimi, Nasiha. Hii simu ni ya Thadeus.

MWANARUSI: Thadeus dereva? Yako iko wapi?

NASIHA: Imezima chaji. Shikamoo, mama.

MWANARUSI: Marahaba. Mko wapi? Saa hii lori lingekuwa limefika hapa Voi. Dukani sina hata punje ya mchele.

NASIHA: Bado tuko Taveta, hapa mpakani. Tume— (mtandao unakwaruza) —kidogo.

MWANARUSI: Mmefanya nini kidogo?

NASIHA: Tumecheleweshwa kidogo.

MWANARUSI: Kidogo yako naijua. Sema.

NASIHA: Umeshakula?

MWANARUSI: Nasiha!

NASIHA: Ofisa wa cheti cha nchi bidhaa inakotoka aliniuliza mchele ni wa wapi. Nikamjibu, Pakistani.

MWANARUSI: Wa Kahe huo! Hapo Moshi! Shamba nimelikanyaga kwa miguu yangu—

NASIHA: Najua, mama. Lakini dukani tunauitaje?

MWANARUSI: Dukani ni dukani! Kaloleni nzima mchele mrefu usioshikana ni Pakistani, hata ukilimwa hapa jirani, Ronge. Ni jina tu!

NASIHA: Ndivyo nilivyomwambia. Akasema yeye haandiki jina, anaandika nchi.

MWANARUSI: Basi aandike Tanzania!

NASIHA: Alikuwa ameshaandika Pakistani. Wa Tanzania hupita bila ushuru. Wa Pakistani hulipiwa kila gunia, na si kidogo.

MWANARUSI: Mtu anaingia chuo Jumatatu, hajui jina na nchi ni vitu viwili.

NASIHA: Na hilo jina nilifundishwa na nani?

MWANARUSI: Sikiliza. Usilipe. Ofisa anataka nini ili abadilishe?

NASIHA: Barua kutoka kijijini kwa mkulima. Na simu ya mkulima haipatikani tangu asubuhi.

MWANARUSI: Mchele ulale hapo mpaka apatikane.

NASIHA: Thadeus amebeba ndizi za watu, zinaiva. Hawezi ku—

MWANARUSI: Mpe simu.

NASIHA: Anafunga turubai.

MWANARUSI: Anafunga turubai? Kwani lori linaondoka?

NASIHA: Thadeus anakusalimia.

MWANARUSI: Nasiha. Umelipa?

NASIHA: Nilikupigia mara tatu, mama.

MWANARUSI: Nilikuwa naswali. Umelipa kwa pesa gani?

NASIHA: Haloo? Mtandao una—

MWANARUSI: Mtandao uko sawa. Nakusikia mpaka unavyomeza mate. Pesa gani?

NASIHA: Ile karo.

MWANARUSI: Karo ya chuo.

NASIHA: Tukiongeza bei ya kilo, itarudi hata kabla ya Jumatatu.

MWANARUSI: Watu nimewaambia kwangu bei haipandi. Kwa mdomo wangu. Ule mchele wa meli, wa Pakistani kweli, umeshapanda kwa ushuru, maduka yote. Ndiyo maana wananingoja mimi!

NASIHA: Basi isipande. Nitaingia chuo muhula ujao. Wala si—

MWANARUSI: Nyamaza.

NASIHA: Kweli, mama. Hata mwenzangu Kavinya aliahirisha chuo, na—

MWANARUSI: Nimesema nyamaza, kuna mteja. (mbali na simu) Karibu, Syombua... Eeh, unafika leo. Binti yuko njiani nao... Bei?

NASIHA: Mama?

MWANARUSI: (mbali na simu) Mia mbili... Ndiyo, juzi ilikuwa mia na hamsini... Nakumbuka nilivyosema. Sasa ni mia mbili.

NASIHA: Mama, anasemaje?

MWANARUSI: Anahesabu.

NASIHA: Mwambie yeye apewe kwa ile ya—

MWANARUSI: Nikimpa yeye, Kaloleni yote itajua kabla ya magharibi. Ngoja.

NASIHA: Kredi ya Thadeus inaisha, mama.

MWANARUSI: Amesema nimwekee nusu.

NASIHA: Nusu kilo? Na wale watoto wote?

MWANARUSI: Nusu. Wala hakuuliza kwa nini.

NASIHA: Mama, nisa—

MWANARUSI: Usiniombe msamaha kwa kredi ya watu. Panda lori. Na ukifika, Thadeus asiegeshe mbele ya duka, mchele mshushie uani, kuna wengine wamekaa barazani wanangoja ile ya mia na ham—

(Simu inakatika.)