Kuonja Kazi Kabla ya Kulipa Minerval

Bamama na bapapa wa likelemba, kumtafutia kijana wangu njia kulinigharimu mbuzi mmoja, mifuko minne ya samaki wadogo ninaouza, ndagala, na suruali nzuri ya baba yake. Nilihesabu mara mbili. Mara ya pili ilitoka zaidi, kwa hiyo nikaacha. Majina sitataja, maana hapa kila mtu ni shemeji wa mtu.

Mnakumbuka baada ya Uhuru viti vya Wabelgiji vilivyobaki wazi katika biro za Albertville nzima, na kila mzazi akamwona mtoto wake juu ya kimoja. Baba yake, karani wa bandari, alisema, "Huyu njo karani, nimesema." Zamu yangu ya kupokea mchango wa likelemba ilipofika, pesa yote nikaitia kwenye minerval, ada ya shule ya makarani. Kijana hatukumuuliza. Baada ya miezi mitatu akarudi na sanduku kichwani. Walimfukuza kwa kulala darasani.

Ndugu zangu, nawaambia, mwaka ule ulikuwa mrefu. Kijana wa miaka kumi na saba, anakula, hasemi. Ukimuuliza anataka kazi gani, anatazama ukuta. Baba yake naye akaacha kuongea naye, mimi nikawa mjumbe. "Mwambie mtoto wako aniletee viatu." Mtoto mwenyewe amekaa karibu na viatu.

Siku moja sokoni mama mmoja alikuja kununua mawese kwa jirani yangu wa meza. Akachovya kidole, akalamba, akakunja uso, akaenda meza nyingine. Nikajiuliza: mafuta ya chupa moja tunayaonja, na kazi ya maisha yote tunainunua tumefumba macho?

Nikaanza kumuonjesha kijana kazi. Mfuko wa kwanza wa ndagala ulikwenda kwa muuguzi, akae naye juma moja. Siku ya pili wakamrudisha amebebwa: aliona damu ya kidonda, akamwangukia mgonjwa. Mfuko wa pili kwa fundi cherehani, na hapo ndipo suruali ya baba yake ilipofia. Wa tatu kwa mwalimu wa watoto wadogo. Akarudi sauti imekauka: "Mama, wale wamenishinda."

Nikachoka. Nikampeleka mlimani Pepa kwa kaka yangu mchunga ng'ombe. Sitawadanganya, nilitaka akanywe maziwa ya watu wengine.

Hazikupita siku nyingi, dereva wa lori la Pepa akasimama mbele ya meza yangu.

"Mama, mutoto wako ameingiza mukono wote ndani ya ng'ombe!"

"Alikuwa anatafuta nini?"

"Ndama. Ilikuwa imekwama. Ameitoa nzima."

"Na damu?"

"Ilimufika hapa," akaonyesha kwapa. "Yeye anacheka tu."

Nilikaa juu ya ndagala za kuuza.

Kijana aliporudi, alianza kusema toka kwenye lori na hakunyamaza mpaka ugali ukapoa. Nikamuuliza mbona damu ya mtu ilimwangusha. "Mtu ananitazama, Mama. Ng'ombe ana shida yake, hana habari na mimi."

Shule ya kilimo na mifugo ilikuwapo, lakini mtihani wa kuingia ulikuwa karibu, na Kifaransa chake kilikuwa kibaya. Mfuko wa nne ukarudi kwa yule mwalimu, amfundishe jioni. Hesabu nilimfundisha mimi mezani: apate faida kichwani kabla sijamtajia mteja bei. Na baba yake, bila kuambiwa, akaanza kumsomea imla asubuhi huku ananyoa ndevu. Wakawa wanagombana juu ya matamshi. Nikaacha kuwa mjumbe.

Alifaulu. Mbuzi alikwenda jikoni kwa shule badala ya nusu ya minerval. Direkta alisema shule si soko. Nikamwambia amtazame mbuzi kwanza.

Sasa kijana yuko mwaka wa mwisho. Nawashukuru ninyi mlionipa zamu zenu kwa nusu ya pili, mkijua ya kwanza nilivyoitupa. Nawashukuru muuguzi aliyembeba na kaka yangu wa maziwa. Mtoto akiwaambia hajui anataka nini, msimwite mvivu. Labda hajaonja.

Nina jambo moja la kuwaomba shauri. Dada yake ana miaka kumi na minne, na Jumapili alituambia anataka kuendesha treni. Baba yake amenifanya mjumbe tena. Nani hapa ana ndugu kwenye reli anayependa ndagala?