Namba ya Mtoto Anayefuata

Benchi letu liko mtaa wa Hai Malakal, mkabala na zahanati ya uzazi, pale Babirye wa kutoka Jinja anapouza kahawa ya tangawizi. Asubuhi hiyo Wani hakuweza kukaa. Mkewe, Florence, alijifungua juma lililopita, na zahanati ina vyumba viwili vya kuzalia, kila kimoja na daftari lake. Watoto wawili wakafungwa mkononi namba ileile, kumi na sita. Florence akapewa mtoto wa mwenzake, akamnyonyesha mchana kutwa, hadi mkunga alipokumbuka kwamba wa Florence alikuwa na alama pajani, watoto wakarudishwa kwa mama zao. Tangu hapo Wani hana raha; kila saa anamfunua mwanawe kuitafuta ile alama. Siku iliyotangulia Adut, binti anayeandika programu za kompyuta mtaa wa Thongpiny, ambaye sasa alikuwa amekaa nasi, alikuwa ameiwekea zahanati mfumo mpya wa kutoa namba za watoto.

— Adut, nieleze polepole, Wani akasema. Kosa lile litazuiwa na nini?

— Mtoto akizaliwa, mkunga anabonyeza simu ya chumbani. Hilo ni tukio. Matukio ya vyumba vyote viwili nimeyaunganisha, yanakuja kwa mkondo mmoja. Kila tukio linachukua namba iliyo mbele kwenye orodha, na ikichukuliwa hairudi. Orodha yenyewe haina mwisho.

Okumu, dereva wa boda wa kituo cha Custom, tunayemwita Profesa, akaweka kikombe chini.

— Wee! Haina mwisho, na imeingia kwa simu?

— Haijaandikwa yote, Profesa. Kompyuta inajua tu namna ya kupata inayofuata. Mtoto akifika, ndipo namba yake inatengenezwa.

— Zi, hapana! Hiyo mumeificha kwa setilaiti. Huko juu kuna nafasi.

— Hata setilaiti inajaa.

— Basi iko ndani ya jua!

Hakuna aliyecheka. Babirye alikuwa ameshika birika bila kumimina.

— Mimi naona ingine, akasema. Hawa watoto iko kwa Mungu, iko napanga laini, moja nyuma ya ingine. Namba iko nangoja wao.

— Hapana, Mama Babirye. Namba nayo bado haipo. Mtoto ndiye anaiita.

Wani akakaa, mara ya kwanza tangu afike.

— Ya salaam! Kwa hiyo mwanangu angeita ya kwake peke yake?

— Peke yake. Hata wazaliwe wangapi.

Akajifuta macho kwa mkono wa shati, na sisi tukatazama pembeni.

Ndipo Shallon, yule mkunga aliyeikumbuka alama, akavuka barabara akitoka zamu. Hakuwa amewahi kukaa nasi. Akapokea kahawa, akasikiliza kidogo, akauliza kwa upole:

— Dada Adut, na yule mtoto wa mwisho kabisa duniani, yeye atachukua namba gani?

Ng'ambo, dirisha la zahanati likatoa kilio chembamba cha mtoto mchanga. Adut akageuza simu yake ili sote tuone: namba arobaini na moja ilikuwa imetokea, pale ambapo sekunde iliyopita hapakuwa na kitu.