Bolti za Mwethya

— Na bolti zake ziko wapi?

Waruguru aliuliza hivyo akiwa ameinamia injini, na benchi lote likatazama vikombe. Nitawaambia alikuwa nani na alitaka nini. Kwanza mjue nilikuwa na hasira tangu Jumatatu.

Benchi lenyewe liko Tawa, pembeni ya soko, mbele ya kibanda ambapo mama yangu, Syokau, huuza kahawa ya tangawizi. Niko nyumbani likizo. Chuoni nikisimama kwenye mdahalo watu hunyamaza. Hapa wananiambia niongeze sukari. Mbele ya benchi imesimama van kuukuu ya kikundi cha akina mama, ambacho mama ndiye mwenyekiti wake. Van hiyo hubeba machungwa yao hadi Malili, kwenye barabara kuu, ambako lori la mnunuzi hupita Jumamosi. Gasketi ya kuziba injini iliungua, maji yakaingia kwenye oili, na kuibadilisha hiyo gasketi ni lazima kwanza hedi itoke, kile kifuniko kizito cha chuma juu ya injini. Hedi ikakataa kutoka. Machungwa tayari yamechumwa, yamelala chini ya turubai. Asubuhi ile, Jumatano, mama alibonyeza moja, kidole kikazama.

— Lori ikipita bila sisi, msimu umeisha, akasema, akarudi kwa jiko.

Benchi likaanza kazi yake.

— Hii ni kutu, akasema Mbaluka, fundi wetu, tunamwita Spana. Kutu imeshika kama gundi. Kathini, ongeza kahawa, akaniambia mimi.

— Si kutu, akasema Kyule. Huyu aliwahi kulinda geti la chuo cha ufundi, kwa hivyo anaitwa Injinia. 

— Ni joto, akaendelea. Chuma ikikaa kwa jua ya Makueni miaka mingi inavimba. Hiyo hedi imevimba ikameza injini. Dawa ni soda nyeusi.

— Soda mlimwaga jana, nikasema. Imeleta nyuki.

— Nyuki ni dalili inafanya kazi.

— Hoja ya nidhamu! nikapaza sauti, kama mdahaloni.

— Keti, mwiitu, wewe ni msichana. Hapa si chuoni.

— Nitaketi wapi na mmejaza benchi?

Nzioka akakohoa. Ni shemasi, na jina lake la benchi ni hilohilo, Shemasi.

— Mnasahau kitu moja. Hii gari iliombewa. Siku ya kuizindua, chupa ya mafuta nilishika mimi. Tukamwaga hapo juu ya injini, tukaomba isitengane.

— Isitengane na nini?

— Hatukusema. Tulisema tu isitengane. Sasa mnapigana na ombi.

— Asi! Basi rudi uombe itengane!

— Siwezi kurudi mbinguni na maneno mawili tofauti.

— Tuipindue, akasema Injinia. Magurudumu juu, hedi chini, uzito wake uivute.

— Ama tufunge kamba, akasema Spana, ivutwe na ng'ombe ya Shemasi.

— Ng'ombe yangu iko na mimba.

— Kwani itavuta na tumbo?

Wakabishana kuhusu tumbo la ng'ombe mpaka birika likabaki na machicha. Hapo ndipo pikapu ikasimama na mwanamke mwenye buti za kazi akashuka.

— Wazee, hamjambo. Mimi ni Waruguru wa Malili, wa kununua chuma kuukuu. Injinia ni nani? Alinipigia kuhusu van.

Injinia akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndara.

— Unauza gari ya akina mama? nikamuuliza.

— Nilikuwa nauliza bei tu. Mtu haulizi?

— Unaulizaje bei ya kitu si chako? Ulipanda mchungwa gani wewe? Ulibeba maji ya kumwagilia upi?

— Kathini, sauti.

— Sauti nitaishusha Jumamosi!

Waruguru hakutuingilia. Alizunguka van, akainamia injini, akatazama yale mashimo matupu ya bolti.

— Mimi nachukua kitu ikiwa kamili, akasema. Na bolti zake ziko wapi?

Ndipo benchi likatazama vikombe. Sasa niwaambie kwa nini. Kwetu kazi nzito hufanywa kwa mwethya, watu wanakuja pamoja, kila mmoja anaweka mkono. Jumatatu Spana aliposema hedi ifunguliwe, nusu ya wanaume wa soko walifika. Akampa kila mmoja bolti yake ya kufungua, aende nayo nyumbani, aioshe, airudishe siku ya kufunga. Mwenye bolti nyumbani hawezi kujifanya amesahau kurudi. Ni desturi nzuri, nakubali. Lakini Spana aliisimamia akiwa ameketi, na mimi na mama kazi yetu ilikuwa kahawa.

— Yangu iko dirishani, akasema Shemasi.

— Yangu imeshikilia mlango wa kuku, akasema Injinia.

— Zileteni, nikasema. Muwaite na wale wengine. Kila mtu asimame na bolti yake kwa shimo lake. Hakuna kahawa mpaka ziishe.

Kahawa yenyewe haikuwepo, lakini hawakujua. Wakaja, bolti zinang'aa kama vijiko vya harusi, wakaizunguka injini, kila mtu na kidole juu ya shimo lake. Shimo moja la katikati lilikosa mtu.

— Hiyo ni ya Mzee Muthama, akasema Spana. Alifungua nikiona. Akaenda Ikutha kuona mbuzi.

— Na hapa mbele, kwenye haya matope ya oili? nikauliza.

— Hapo ni pa Injinia.

— Mimi? Hapo ni pa Shemasi.

— Mimi niko hapa na kidole changu!

Nikachukua kitambaa, nikapangusa. Halikuwa shimo. Ilikuwa bolti, imekaa ndani, imekazwa, haijaguswa na mtu.

Soda, maombi, tumbo la ng'ombe. Nilikuwa na hotuba nzima mdomoni. Lakini mama alikuwa ameshatoka jikoni.

— Hiyo ni yangu, akasema. Hamkunipa, na gari ni yetu. Mbaluka, leta spana.

Mbaluka akainuka. Alimshikia tochi, mama akasukuma kwa uzito wake wote, bolti ikalia, ikazunguka. Akaitoa, akaipangusa kwa leso, akaitia mfuko wa aproni. Wanaume wakaingiza vyuma pembeni, wakainua polepole. Hedi ikatoa sauti kama kizibo, ikaachia. Shemasi akapiga makofi kabla ya wengine wote.

— Basi mimi sina kazi hapa, akasema Waruguru, akicheka. Lakini gasketi ya hii inapatikana kwetu. Kesho kutwa nitakuwa nikirudi hivi, nitawaletea.

Mama akamchagulia machungwa magumu, akambebesha.

Kwa hivyo machungwa bado yana nafasi, na benchi limekubali kubanana ili niketi. Kimebaki kitu kimoja. Wewe unayeelekea Ikutha, ukifika soko la mbuzi uliza Mzee Muthama, yule wa koti la kahawia. Bolti yetu iko mfuko wa ndani wa koti hilo. Tafadhali mwambie aitume na gari ya kwanza.