Mzee Usiguse na Ukuta Uliombeba

Wasikilizaji wapendwa, aliye karibu na mzee wake leo amwongezee sauti ya redio. Aliye peke yake asogeze kiti. Tunamkumbuka mpaka rangi mmoja aliyezikwa wiki iliyopita. Mpaka rangi, narudia, wa brashi na rola na ngazi, aliyeifanya kazi hiyo tangu ujanani mpaka mvi zikamshika hata nyusi.

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wote walimwita Mzee Usiguse. Neno hilo halikumkauka mdomoni. Ukikaribia ukuta wake: "Usiguse!" Ukiegemea mlango wake: "Usiguse!" Mwanawe anasema yeye alijifunza kutembea katikati ya chumba. Watoto wa watu huanza kwa kushika ukuta. Kwake yeye ukuta ulikuwa marufuku.

"Nilianguka sana," anasema, "lakini nyumba ilikuwa safi."

Nyumba yenyewe ni ndogo. Sebule, vyumba viwili, na jiko la uani. Kuta zake ni nyeupe kama maziwa, na kwa miaka yote hiyo hazikuwa na alama ya kidole. Si cha mtoto, si cha mgeni, si cha mwenye nyumba.

Basi, wasikilizaji, bega la kulia likaanza kumuuma. Kwanza alipokuwa akisugua dari kwa msasa. Kisha hata alipoinua kikombe. Mwishowe hata akiwa amelala. Mzee akafanya kosa wanalolifanya wengi. Akaufunga mkono kwa kitambaa, akauning'iniza shingoni, akauacha upumzike. Mkono ukapumzika mpaka ukagoma. Alipoufungua, haukupanda tena kupita kifua.

Mkewe akawa anamvalisha shati.

"Alikuwa anafumba macho nikimvalisha," bibi anatuambia. "Mtu aliyekuwa akisimama juu ya ngazi kama njiwa juu ya bati! Alifumba macho asinione nikimwona."

Mwana wao wa pekee ni fundi wa majokofu, anaishi mji mwingine. Alikuja kuwajulia hali, akayaona hayo, chakula kikamshinda.

"Baba, mvua zikiisha nakuja na gari," alisema. "Nawachukua wewe na mama. Nyumba hii tutaipangisha."

"Nani kakwambia tumeichoka?"

"Baba, hata shati unavalishwa. Na mama magoti yake ndiyo yale. Siku akianguka nani atamwinua?"

Mwana hakuwa mkorofi, wasikilizaji. Alikuwa na hofu, na hofu ya mtoto kwa mzazi wake haina jibu jepesi. Mzee akauliza, "Ukija ukanikuta nimevaa mwenyewe, je?"

"Ukiliweza hilo, narudi peke yangu."

Basi nyumba yao yote ikawa inaning'inia kwenye shati moja.

Bibi akampeleka kituo cha afya. Huko walimkuta mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti wa umri wa wajukuu. Binti akamwamkia, akalipima bega, akamuuliza kazi yake. Aliposikia, akatabasamu.

"Babu, brashi ukiiacha na rangi yake bila kuiosha inakuwaje?"

"Inakauka. Inakuwa kama gongo."

"Bega lako ndilo hilo. Halijaoza, limekauka. Tutalilainisha pole pole."

Akampa mazoezi mawili. La kwanza, ainame, ashike meza kwa mkono mzima, na ule mgonjwa auache uning'inie na kubembea. La pili, asimame mbele ya ukuta, avitambaze vidole kwenda juu kama buibui, apumzike, kisha avishushe. "Likivuta, vumilia. Likichoma kama kisu, shuka."

Mzee akarudi nyumbani kifua mbele. Asubuhi mazoezi, jioni mazoezi. Na bega likazidi kuuma. Narudia: alifanya mazoezi, na bega likazidi kuuma.

"Dawa gani hii inayomla mgonjwa?" alifoka. Nje mvua zilikuwa zimeanza kupungua.

Wakarudi kwa binti. Binti akaduwaa. "Hebu nionyeshe unavyofanya, babu."

Mzee akasimama mbele ya ukuta wa kituo. Vidole vikaanza kupanda. Lakini vilikuwa vinapanda hewani! Kati ya vidole na ukuta ungeweza kupitisha kiberiti.

"Babu, gusa ukuta."

"Nitaugusaje, binti, na umepakwa juzijuzi?"

Bibi akashika tama. Binti akacheka mpaka akaketi. Kisha akafuta machozi, akamweleza taratibu: ukuta ndio unaoubeba mkono. Usipougusa, bega linabeba uzito wote peke yake, na lenyewe ni mgonjwa. Mzee akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mtiifu.

Kuelewa ni kitu kimoja, wasikilizaji. Kesho yake alisimama sebuleni, mbele ya ukuta wake mweupe, na mkono ukakataa. Safari hii halikuwa bega. Alikuwa yeye mwenyewe. Alisimama pale na jasho likimtoka, mtu aliyeipaka nusu ya mji, akiogopa kuweka alama ya kidole nyumbani kwake.

Bibi alikuwa uani anasugua sufuria. Akamwona kupitia mlangoni. Akanyanyuka na magoti yake yale, akaingia ndani na masizi yake mikononi, akaubandika mkono mzima katikati ya ukuta. Paa!

Mzee alimwangalia kama aliyemwagiwa ndoo ya rangi kichwani.

"Umeniua, mke wangu."

"Sijakuua. Ukuta ushachafuka. Haya, na wewe chafua."

"Hata baba yako, na ukali wake wote, hangenifanyia hivi."

"Baba yangu hakuwa na nyumba ya kupokonywa. Gusa, mume wangu. Mimi sitaki kwenda kuishi kwa mkwe wangu nikiomba chumvi."

Mzee akagusa. Vidole vikakwama, vikapanda kidogo, vikakwama tena, vikapanda. Ukuta ukaubeba mkono. Bibi anasema alimsikia akinong'ona, "Kumbe!" Basi. Kumbe.

Mvua zikaisha, mwana akaja na gari. Alimkuta mama yake ameketi kwenye kiti mbele ya mlango wa chumba cha kulala. Ndani kulisikika miguno.

"Mama, anaumia. Niache nikamsaidie."

"Kaa chini."

"Mama!"

"Nimesema kaa. Akikuhitaji ataita. Ana mdomo."

Wakakaa. Chai ikapoa. Mwana anatuambia hajawahi kungoja muda mrefu kama ule, hata siku mke wake alipokuwa anajifungua. Kisha mlango ukafunguliwa. Mzee akatoka amevaa shati, uso umelowa, vifungo vimepishana, kola upande mmoja iko sikioni.

"Baba, vifungo umevipishanisha."

"Tulikubaliana kuvaa. Kupendeza hatukukubaliana."

Gari lilirudi tupu, wasikilizaji. Bega halikupona lote, wala sitawadanganya. Mkono haukufika tena darini. Mzee aliendelea na mazoezi yake kila siku, akawa anapaka kuta mpaka usawa wa kichwa, na huko juu akawaachia vijana, huku akiwapigia kelele. Lakini aliishi kwake, na mkewe, miaka yote iliyobaki.

Alifariki asubuhi, kwa ugonjwa wa moyo. Bibi alimkuta ameketi kitandani.

"Nilidhani anapumzika," anasema. "Alikuwa ameshavaa. Safari hii vifungo vyote viko sawa."

Tunawapa pole bibi, mwana wao, mkwe na wajukuu. Tunawapa pole mafundi wote aliowafokea na kuwafundisha. Mungu amlaze pema.

Na sisi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tutafakari. Mzee akilalamika bega, usiufunge mkono ukauhukumu. Mpeleke kwa mtaalamu amwangalie, kwa maana bega la jirani si bega lake. Halafu kuna jambo lisilohitaji mtaalamu. Kesho asubuhi utakapomsikia mzee wako anahangaika na shati nyuma ya mlango, na wewe una haraka zako, na mkono unakuwasha kusukuma mlango ummalizie: kaa chini. Mngojee.